Sagini, Mwalimu Aliyefuatwa na Kilio cha Walimu

Sisi watu wa Pwani tunamkumbuka marehemu Ronald Ngala, aliyetoka darasani akaingia katika siasa. Leo nataka kuwasimulia habari za mwenziwe wa bara, marehemu Lawrence Sagini, mwana wa Wagusii.

Sagini alizaliwa Kisii katika miaka ya 1920, Nyamira ikiwa bado haijatengwa nayo. Shule nyingi huko zilikuwa mikononi mwa wamisheni, Wakatoliki wa Nyabururu na Wasabato wa Nyanchwa. Mwalimu Mwafrika alilipwa chini ya Mzungu, na meneja wa misheni akiweza kumwachisha kazi. Sagini naye alifundisha, kisha akavuka bahari kusoma katika chuo cha Allegheny, Marekani.

Aliporudi, siasa ikamchukua. Mwaka 1962, katika serikali ya mseto ya KANU na KADU, akawa Waziri wa Elimu. Mwaka huo huo chama cha walimu, KNUT, kilichoundwa 1957, kikagoma. Walimu walitaka mwajiri mmoja nchi nzima. Basi aliyekuwa mwalimu jana, leo akawa ndiye anayedaiwa.

Mwaka 1963 alihamishiwa Maliasili, na baadaye Serikali za Mitaa. Huko nako kilio kilimfuata, maana mishahara ya walimu wa shule za msingi ilipitia kwa mabaraza ya wilaya, na mengine yalikuwa hayana fedha. Mkono mtupu haulambwi. Uhuru ulikuwa umefungua milango ya ofisi, na mwenye elimu aliona njia ya kutoka darasani, kama alivyotoka Sagini mwenyewe.

Mwaka 1967, Sagini akiwa waziri bado, ikaundwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Mwaka 1970 serikali kuu ikazichukua shule za msingi za mabaraza.

Kwetu Waislamu jambo hili lilikuwa na uzito wake. Mwalimu wa Kiislamu hakuhitaji tena kumwendea meneja wa misheni kuomba kazi.

Nikiyapima maisha ya Sagini, naona funzo moja. Twapenda kusema ualimu ni wito, na ni kweli. Lakini wito humleta mwalimu darasani; kinachomweka ni mshahara unaofika kwa wakati na mwajiri anayejulikana.