Albert Coons: Daktari aliyezifanya kingamwili zing'ae

Mwaka 1939, daktari kijana wa Kimarekani akiwa mapumzikoni mjini Berlin alitatizwa na swali moja. Homa ya baridi yabisi, inayoanza kwa maumivu ya koo na kuishia kuharibu mioyo ya watoto, ilidhaniwa kusababishwa na mapambano kati ya kingamwili na mabaki ya bakteria mwilini. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kuyaona mabaki hayo ndani ya moyo ulioathirika.

Daktari huyo alikuwa Albert Coons, mzaliwa wa Gloversville, jimbo la New York, mwaka 1912, na mhitimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: kila kingamwili hukifuata kile inachokitambua, ikifungiwa rangi, itaonyesha mahali adui alipojificha.

Utekelezaji ulikuwa mgumu. Rangi ilipaswa kushikamana na kingamwili bila kuiharibu. Ile ya kwanza iling'aa kwa buluu, lakini nyama za mwili nazo hutoa mng'ao wa aina hiyo, hivyo ikapotea humo. Coons na wanakemia wenzake waligeukia fluoreseini, inayotoa mwanga wa kijani inapomulikwa, na kufikia mwaka 1942 walikuwa wamewaonyesha bakteria wa nimonia ndani ya nyama za mwili kwa hadubini.

Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza kazi hiyo. Coons alihudumu katika jeshi huko Pasifiki, kisha akarejea maabara. Mwaka 1950, akiwa na Melvin Kaplan, alichapisha mbinu iliyoboreshwa.

Mwaka 1958 watafiti wengine walitoa aina za fluoreseini na rodamini zilizo rahisi zaidi kuunganishwa na kingamwili. Kwa kuwa rodamini hutoa mwanga unaoelekea wekundu, vitu viwili viliweza kutofautishwa katika kipande kimoja cha nyama. Mwaka huohuo mbinu ya Coons ilitumika kutambua kichaa cha mbwa.

Coons alitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka 1959 na kufariki dunia mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 66. Hadi leo, ubongo wa mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa hupimwa kwa kingamwili zinazong'aa, kipimo kinachotambuliwa na Shirika la Afya Duniani.