Haldane na Siri ya Damu Yetu

Yasimuliwa kwamba mtoto mmoja wa mji wa Oxford, Uingereza, alianguka akapasuka kipaji cha uso. Alipoiona damu yamchuruzika hakulia, bali aliuliza damu ile imechukua hewa ya aina gani. Huenda kisa hiki kimetiwa chumvi, kama visa vingi vya utotoni mwa watu mashuhuri, lakini chamsadifu mwenyewe. Huyo ndiye John Burdon Sanderson Haldane, aliyezaliwa tarehe 5 Novemba, 1892, na ambaye fikira zake zilikuja kutugusa sisi watu wa Pwani.

Baba yake alikuwa bingwa wa elimu ya pumzi, na alikuwa akimteremsha mwanawe migodini avute hewa mbaya apate kuijua taathira yake. Tangu hapo Haldane hakuacha kuufanyia majaribio mwili wake mwenyewe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alipigana Ufaransa na Iraq, akajeruhiwa. La ajabu ni kwamba shahada aliyoipata Oxford haikuwa ya sayansi. Ilikuwa ya lugha na falsafa za kale. Hata hivyo alifundisha sayansi Cambridge, kisha London, na kuanzia 1924 akatumia hesabu kuonyesha jinsi sifa za urithi zinavyoenea au kufifia vizazi kwa vizazi.

Miongoni mwa fikira zake za miaka ya 1930 ni kwamba jeni, yaani kile chembe cha urithi, ikijirudufu huleta faida. Nahodha mwenye tanga moja hathubutu kulikata. Mwenye mawili, moja humpeleka safari na jingine aweza kulishona upya. Damu yetu ni shahidi. Himoglobini, ile protini nyekundu inayochukua hewa mwilini, ina sehemu iitwayo alfa, na jeni zake ni mbili zilizosimama sambamba kama pacha. Kwa hivyo mtu kwa kawaida hurithi nne, mbili kwa baba na mbili kwa mama.

Mwaka 1949 alichapisha jawabu la fumbo zito. Thalasemia ni upungufu wa damu wa kurithi, na ilikuwa ikiwaua watoto wengi kandokando ya bahari ya Mediterania. Mbona basi haikwisha, ilhali wenye kuugua walikufa kabla ya kuzaa? Haldane alisema huenda mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria.

Ushahidi ulitoka kwetu. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu nchini mwaka 1949, na bila kumfuata Haldane akafikia wazo kama hilo kuhusu selimundu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria aliwakuta wenye jeni hiyo kuwa zaidi ya asilimia 20 mahali pengine. Nyanda za juu, kusiko na mbu wa malaria, hawakufika hata asilimia 1. Alitangaza matokeo yake 1954. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi waliongeza ajabu nyingine: kupungukiwa na jeni za alfa hukinga malaria kali, na kubeba selimundu hukinga pia, lakini mtu akiwa na yote mawili kinga hutanguka.

Ni wanawake wangapi wametalikiwa, au wakapelekwa kwa waganga, kwa kuzaa watoto wenye selimundu? Ilhali mtoto haugui mpaka airithi kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaa mgonjwa, na baba ana sehemu sawa na mama.

Haldane hakuwa mtu wa dini, na wengi wetu tutahitilafiana naye juu ya asili ya viumbe. Mwaka 1957 alihamia India, akavaa nguo za huko na kuchukua uraia. Saratani ilipompata alitunga shairi la mzaha kuuhusu ugonjwa wake. Si kila mshairi ana moyo huo. Alifariki Bhubaneswar tarehe 1 Desemba, 1964. Hakuzikwa wala hakuchomwa. Aliusia maiti yake ipewe wanafunzi wa udaktari wa Kakinada wajifunzie, na ndivyo ilivyofanywa.