Burkitt, daktari wa Mulago aliyepima choo na kuwarudishia Waingereza pumba

MWAKA 1972 jarida la tiba la Lancet la Uingereza lilichapisha makala kuhusu jambo lisilozungumzwa mezani: choo kikubwa. Wanavijiji wa Uganda waliopimwa walikuwa wakitoa, kwa wastani, karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni mwao kwa saa 36 hivi. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa karibu gramu 104, na chakula kilikaa zaidi ya saa 80.

Nyuma ya vipimo hivyo alikuwapo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda karibu miaka 20.

Alizaliwa Februari 28, 1911, Enniskillen, Ireland. Baba yake, mhandisi wa serikali, alikuwa akiwafunga ndege pete miguuni ili achore ramani ya maeneo yao, na huenda ndiko mwana alikopata mazoea ya kutafuta majibu kwenye ramani. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe na kupoteza jicho la kulia. Kasoro hiyo ilimkosesha kazi ya udaktari katika makoloni alipoomba mara ya kwanza. Vita vya Pili vya Dunia vilimfikisha Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Huko aligundua kuwa wanaume wenye mabusha walikuwa wengi mno mashariki mwa wilaya na wachache sana magharibi. Alichora ramani na kuichapisha. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 Burkitt alieleza saratani hiyo ya watoto, ambayo hadi leo ina jina lake. Oktoba 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini na kurudi: wiki 10, kilomita 16,000 hivi, hospitali zaidi ya 50. Katika kila kituo swali lilikuwa moja: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Mipaka ya nchi haikuwa na maana kwake. Alichofuata ni joto, mvua na mwinuko wa ardhi.

Sifa hiyo ingetosha. Lakini aliporudi London mwaka 1966 alikutana na mawazo ya Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la wanamaji, aliyeamini kwamba sukari na unga uliokobolewa ndiyo chanzo cha magonjwa mengi ya Wazungu. Burkitt akakumbuka wodi za Mulago. Kidole tumbo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana, na vile vifuko vinavyochomoza kwenye ukuta wa utumbo wa wazee wa Ulaya, vyote alivikuta mara chache mno kwa wanavijiji. Trowell naye alikuwa ameandika hivyo tangu mwaka 1960. Burkitt akarudia njia yake ya zamani: akawatumia madaktari wa hospitali za Afrika, nyingi zikiwa za misheni, fomu za kuuliza wameona nini.

Hoja yake inaeleweka haraka kwa anayejua tofauti ya dona na sembe. Nyuzinyuzi za nafaka, maharage na viazi hunyonya maji, choo kinakuwa kingi na laini, na utumbo hausukumi kwa nguvu. Zikiondolewa kinuni, kazi hiyo inabaki kwa misuli ya utumbo.

Kwa wagonjwa wa Uingereza haya yalikuwa mapinduzi. Kwa miongo mingi wenye vifuko vya utumbo walikuwa wakikatazwa vyakula vyenye makapi. Neil Painter, aliyeshirikiana na Burkitt katika makala ya 1972, aliwapa wagonjwa 70 pumba za ngano mwaka huohuo, na wengi walipata nafuu. Katazo likageuka kuwa agizo.

Je, dawa hiyo ingefaa pia wale ambao utumbo wenyewe unavimba na kutoa vidonda, yaani wenye ugonjwa wa Crohn na ndugu yake wa utumbo mpana unaoleta kuhara damu? Swali hilo lilikuwa zito, kwa kuwa maradhi haya huwapata zaidi vijana na hayaponi kabisa. Mwaka 1979 madaktari wa Bristol, wakiongozwa na Ken Heaton, waliripoti wagonjwa 32 wa Crohn waliokula nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Walilazwa hospitalini jumla ya siku 111, huku wenzao waliolinganishwa nao wakilazwa siku 533. Takwimu hizo zilivutia, ila makundi hayo hayakugawanywa kwa kura. Mwaka 1987 vituo kadhaa viliwagawa kwa kura wagonjwa 352, na tofauti ya maana haikuonekana. Leo mgonjwa ambaye utumbo wake umejikunja kwa makovu huonywa asile nyuzi ngumu, kwa sababu zinaweza kumziba.

Ipo pia dosari katika fomu za Burkitt. Zilihesabu wagonjwa waliofika hospitalini na waliotambuliwa. Ugonjwa wa Crohn hauonekani bila vifaa vya kuchungulia utumbo na maabara ya kukagua nyama yake, na mgonjwa wa kuhara damu katika ukanda huu hutibiwa kwanza amiba au kifua kikuu cha tumbo. Hilo bado hutokea, iwe Arua, Kigoma au Bujumbura.

Burkitt alizunguka dunia akihubiri nyuzinyuzi, na picha zake za vinyesi vya porini ziliwachekesha na kuwashtua wasikilizaji. Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82. Mjadala wa kiasi gani cha nyuzinyuzi kinamfaa mgonjwa wa Crohn, na katika hatua ipi ya ugonjwa, bado unaendelea katika kliniki za utumbo.