Thomas Edison, mtu wa masikio mazito aliyeipa simu sauti

Wengi wetu tunamjua Thomas Edison juu ya taa ya umeme. Leo tuache taa, tuongee simu. Kazi yake kwenye simu haijulikani sana hapa kwetu, na ni ya ajabu: mtu ambaye hasikii vizuri ndiye aliyefanya watu wasikilizane mbali.

Alizaliwa mwaka 1847 kule Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Alipokuwa mtoto aliuza magazeti ndani ya treni, na masikio yalishaanza kumwacha. Sababu yake alieleza kwa namna zaidi ya moja. Baadaye akajifunza telegrafu.

Mwaka 1876 Alexander Graham Bell akapata hati ya simu. Ile simu iliongea, lakini kwa sauti ndogo sana, kwani umeme wake wote ulitoka kwenye sauti ya mwenye kuongea, ikitikisa bati mbele ya sumaku. Koo la mtu lina nguvu gani? Kampuni ya telegrafu, Western Union, ikamwendea Edison.

Yeye akawaza hivi: sauti isitengeneze umeme, iuongoze tu. Umeme utoke kwenye pile, upite ndani ya kaboni, uingie kwenye waya. Mtu akiongea, sauti inabana kaboni, ikibanwa, umeme unapita mwingi, ikilegea, unapungua. Ni kama robine. Mkono unaofungua ni mdogo, lakini nguvu ya maji inatoka kwenye tangi.

Pale Menlo Park walijaribu vitu vingi sana. Kilichoshinda ni masizi ya taa ya petroli, yale tunayopangusa kwenye kioo, yakashindiliwa kuwa kifungo kidogo. Kusikiliza alisaidiwa na wafanyakazi wake, kama Charles Batchelor. Mimi naona uziwi ulimsaidia pia: simu ya kunong'ona kwake haikuwa simu.

Western Union ikampa dolari 100,000. Akaomba alipwe 6,000 kila mwaka kwa miaka 17, akiogopa kuzimaliza zote kwa majaribio. Ukipiga hesabu, kampuni ilikuwa inamlipa karibu faida tu ya pesa zake mwenyewe!

Lakini kulikuwa mwingine, Emile Berliner, kijana aliyetoka Ujerumani na kuishi Washington. Alipeleka karatasi zake serikalini tarehe 14 Aprili 1877. Edison alipeleka zake tarehe 27 Aprili. Siku 13 tu. Mabishano yakadumu miaka, na hati ya Edison ikatoka mwaka 1892, simu zikiwa tayari zimeenea mijini. Berliner hakuwa mwizi, tuseme ukweli. Wawili walichimba shimo moja.

Baadaye pile ikaondolewa nyumbani kwa mteja, ikawekwa kwenye kituo cha simu, umeme ukamfikia kwa waya ule ule wa maongezi. Ndiyo maana simu ya waya iliendelea kuongea hata nyumba nzima ikiwa giza.

Edison alifariki West Orange tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na miaka 84. Punje za kaboni zilibaki ndani ya simu nyingi za nyumbani mpaka miaka ya 1980.