Seyyida Salme: Kutoka Bet il Mtoni hadi Baridi ya Hamburg

Mwanafunzi wa isimu anayetoka Kivu hawezi kulikwepa swali hili: Kiswahili kilifikaje kwetu? Kwa baba mimi ni mtu wa Masisi, kwa mama ni wa Walikale. Nyumbani majira ya ukame tunayaita kipwa, neno lenye mzizi mmoja na kupwa kwa bahari, ingawa wengi wetu bahari hatujaiona. Nikiifuata njia ya lugha hii kurudi nyuma nafika Unguja, katika jumba la Sultani Seyyid Said. Katika jumba hilo alizaliwa mwanamke ambaye maisha yake nataka kuyasimulia hapa.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Bet il Mtoni. Baba yake alitawala Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa vitani akiwa mtoto na kuingizwa jumbani kama suria. Mabinti wa kifalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika lilikuwa jambo la wavulana. Salme alijifundisha kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Maisha yake yote yaliyofuata yalitokana na mfupa ule.

Baba alifariki mwaka 1856, na mama akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huohuo kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa kwenye kiti. Wala njama walihitaji mwandishi, na Salme, mwenye umri wa miaka 15, alijua kuandika. Njama ilivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, naye Salme akabaki na lawama za ndugu. Baadaye, huko Mji Mkongwe, alijuana na jirani yake Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Alipopata mimba, maisha yake yalikuwa hatarini. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na mwaka 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na kuanza safari ya Ujerumani. Mtoto yule hakufika, alifia njiani.

Alifika Hamburg wakati wa joto. Kisha ukaja msimu ambao lugha yake haikuwa na jina lake. Leo wafasiri huandika vuli kwa majira ya miti kupukutisha majani na kipupwe kwa majira ya theluji. Lakini kwa Mzanzibari vuli ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka, na kipupwe ni ubaridi mwanana unaofuata masika. Kipupwe cha Hamburg kinagandisha maji, na mwezi Desemba mchana wake hauzidi saa nane. Sisi wa Masisi tunajua ukungu na baridi ya milimani, lakini hatujui mti kukaa miezi mitano bila jani na bado uwe hai. Barua alizoandika, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, zimejaa baridi hiyo pamoja na upweke wa mtu aliyezoea nyumba yenye mamia ya watu.

Agosti 1870 mumewe aliangushwa na tramu akafa. Salme alibaki na watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Alihama mji hadi mji, Dresden yenye hazina za wafalme wa Saxony, Rudolstadt, Berlin, akijipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka Berlin. Mwaka huohuo na mji huohuo lilifunguliwa jumba jipya la makumbusho ya makabila ya dunia, ambamo vitu vya Afrika viliwekwa ndani ya vioo na maelezo yake kuandikwa na Wazungu. Salme alifanya kinyume: alijieleza mwenyewe, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani.

Lakini msomaji wa Walikale hawezi kuishia kwenye sifa. Utajiri wa jumba lile ulitokana na karafuu zilizolimwa na watumwa, na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara. Misafara ya Waungwana ilifika Nyangwe na Kasongo, na kutoka huko wakaingia misitu ya mto Lowa, mto unaopita Walikale. Kiswahili chetu, ambacho wataalamu walikiita Kingwana, kilikuja na watu hao. Katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa Waarabu na kuwasema Waafrika weusi kwa dharau, ingawa mama yake mwenyewe alikuwa mateka. Nimesoma kurasa hizo mara kadhaa nikitafuta mahali anapojiuliza. Sijapaona.

Mwaka 1885 alirudi Zanzibar kwa meli za Wajerumani kudai urithi wake. Kwa Bismarck alikuwa chombo tu cha kumtishia Barghash, walipopatana, alisahaulika. Alijaribu tena mwaka 1888 bila mafanikio. Kisha aliishi Beirut hadi mwaka 1914, akarudi Ujerumani, akafia Jena tarehe 29 Februari 1924. Husimuliwa kwamba alizikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokitunza miaka yote.

Leo vitabu na karatasi zake zimehifadhiwa Leiden, Uholanzi, na Makumbusho ya Kasri ya Zanzibar yametenga chumba kwa ajili yake. Mwaka 2019 Hamburg iliupa uwanja mmoja jina lake, kisha ikalifuta kwa sababu ya yale aliyoandika kuhusu watumwa. Mimi nisingefuta kitabu wala chumba. Ningeongeza tu, kando yake, habari za waliobeba zile pembe. Shida ni kwamba hatuna. Binti wa sultani alipata mfupa wa ngamia wa kujifunzia. Mpagazi wa Lowa hakupata kitu.

Hata hivyo kimya cha karatasi si kimya cha watu. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mzee Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, na Daniel Biebuyck akauandika. Kitabu kilichotoka mwaka 1969 kina jina la pili karibu na la Mbelgiji huyo: Kahombo Mateene, mwanaisimu wa kwetu. Vinyago vya misitu yetu viko Tervuren, Ubelgiji, na kuvifikia kunahitaji viza na nauli. Wazee wanaokumbuka majina ya mito, misimu na misafara wako Masisi na Walikale, wengine kambini, vita imewatoa vijijini. Kuwafikia kunahitaji daftari, na kunahitaji haraka.