George Stephenson: Mhandisi Aliyejifunza Kusoma Akiwa na Miaka 18



Katika familia zetu hapa Uingereza wamo wengi walioacha kazi za ufundi zenye heshima nyumbani, na huku wakaanzia chini. Fundi mitambo anabeba maboksi ghalani. Aliyesomea umeme anasafisha ofisi usiku. Akiitwa kwenye usaili, lafudhi yake inasikika kabla ya ujuzi wake. Kwa hiyo wiki hii tunawaletea maisha ya George Stephenson, mzaliwa wa nchi hii hii, ambaye naye alidharauliwa kwa matamshi yake na kwa kukosa shule.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchochea moto wa injini ya kuvuta maji mgodini. Wazazi wote wawili hawakujua kusoma, na hela ya kumpeleka mtoto shule haikuwepo. George alichunga ng'ombe, kisha akaingia kwenye kazi za mgodi wa makaa ya mawe. Alipofika miaka 17 alikuwa tayari anasimamia injini. Siku ambazo mgodi haukufanya kazi, aliifungua mashine kipande kwa kipande, akaisafisha na kuiunganisha tena, hadi akaijua yote.

Hata hivyo aliona kwamba mikono peke yake haitamfikisha mbali. Habari za injini mpya zilikuwa zimeandikwa vitabuni, na yeye hakuweza kusoma hata jina lake. Akiwa na miaka 18, baada ya zamu ndefu, alianza kulipia masomo ya jioni kutoka kwenye mshahara wake mdogo: kusoma, kuandika na hesabu.

Maisha hayakumhurumia. Mwaka 1802 alimwoa Frances Henderson, na ili kuongeza kipato akashona viatu na kutengeneza saa za watu. Mwaka 1803 walimpata mtoto wao Robert. Mtoto wa pili, wa kike, alifariki akiwa na wiki chache tu, na mwaka 1806 Frances naye alifariki kwa kifua kikuu. George alimwacha Robert kwa mama mmoja wa jirani, akaenda Scotland kutafuta kazi. Wengi wetu tunajua uchungu wa kuacha mtoto nyuma. Baada ya miezi michache alirudi, kwa kuwa baba yake alikuwa amepata ajali kazini na kupofuka, na mzigo wa wazee ukawa wake.

Mlango ulifunguka mwaka 1811. Kwenye shimo moja la mgodi wa Killingworth injini ya kuvuta maji ilikuwa imewashinda wahandisi. Stephenson aliomba aijaribu, akaitengeneza, na maji yakatoka. Mwaka uliofuata alifanywa fundi mkuu wa injini wa migodi ile. Mwaka 1814 alitengeneza injini yake ya kwanza ya reli, Blücher, iliyoweza kuvuta tani 30 kupanda mlima kwa mwendo wa maili 4 kwa saa.

Mwaka 1815 alibuni taa ambayo haikulipua gesi ya mgodini, akaijaribu mwenyewe chini ya ardhi mahali penye hatari. Wakati huo huo mwanasayansi mashuhuri Sir Humphry Davy alitengeneza taa yake huko London. Davy alipewa zawadi ya pauni 2,000, na Stephenson akashutumiwa kwamba ameiba wazo, kwa sababu wakubwa hawakuamini kwamba fundi asiye na elimu angeweza kubuni kitu kama hicho. Watu wa kwao walimchangia pauni 1,000. Mwaka 1833 kamati ya Bunge ilikiri kwamba naye alistahili sifa sawa na Davy.

Yaliyompata hakutaka yampate mwanawe. Alimpeleka Robert shule nzuri mjini Newcastle ili apate elimu na matamshi yanayokubalika. Jioni, Robert alirudi na vitabu, na baba na mwana wakasoma pamoja. Karo aliyolipa ikawasomesha wawili.

Mwaka 1825 ulikuwa na furaha na aibu. Mwezi Septemba reli ya Stockton na Darlington ilifunguliwa, na Stephenson mwenyewe akaendesha garimoshi. Lakini miezi michache kabla ya hapo alikuwa amesimama mbele ya kamati ya Bunge kutetea reli ya Liverpool na Manchester. Mawakili walimbana kwa maswali, na lafudhi yake ya kaskazini ikachekwa. Ila kicheko hakikuwa shida pekee. Kazi ya kupima ardhi alikuwa ameiachia watu wengine bila kuikagua, na vipimo vilikuwa na makosa ambayo hakuweza kuyatetea. Mswada ukaanguka. Ardhi ilipimwa upya na wahandisi wengine, na mwaka 1826 mswada ukapita.

Stephenson hakujificha. Aliitwa tena kujenga reli hiyo, akaipitisha juu ya kinamasi cha Chat Moss kwa kutandika matawi na vichaka hadi njia ikawa kama inaelea. Mwezi Oktoba 1829 injini ya Rocket, iliyotengenezwa katika karakana iliyoongozwa na Robert, ilishinda mashindano ya Rainhill na zawadi ya pauni 500. Boila yake ya mirija mingi ilitokana na wazo la Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli. Reli ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830.

Upana wa reli alioutumia, futi 4 na inchi 8 na nusu, yaani milimita 1,435, ndio upana wa SGR ya Mombasa hadi Nairobi, na ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Mwaka 1847 akawa rais wa kwanza wa chama cha wahandisi mitambo cha Uingereza. Alifariki Chesterfield tarehe 12 Agosti 1848, akiwa na miaka 67.

Wapendwa, tusimwambie kijana wetu kwamba ufundi ni wa walioshindwa shule. Hapa uanagenzi unalipa mshahara huku mtu anasoma. Nasi watu wazima tusione haya kukaa darasani jioni kujifunza Kiingereza na hesabu, wala kupeleka vyeti vyetu vya nyumbani UK ENIC vilinganishwe na vya hapa. Watakaotucheka watakuwepo, kama walivyokuwepo kwa Stephenson. Tuhakikishe tu kwamba vipimo vyetu ni sahihi.