Thomas Stevenson: Alipima nguvu ya mawimbi, bahari ikamvunjia ukuta mara mbili

Kama uliwahi kusoma Kisiwa chenye Hazina, basi unamjua mtoto wa huyu jamaa. Robert Louis Stevenson aliandika hadithi. Baba yake, Thomas, alijenga minara ya taa na kuta za bandari.

Thomas alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1818. Kwao kazi ilikuwa hiyo hiyo: baba yake alijenga mnara wa Bell Rock juu ya mwamba baharini, na kaka zake Alan na David nao wakawa wahandisi.

Enzi hizo nguvu ya wimbi ilikuwa ya kukisia tu. Thomas hakutaka kukisia. Miaka ya 1840 akatengeneza kifaa chake: bamba la chuma linaloitazama bahari, nyuma yake springi. Wimbi likipiga, bamba linarudi nyuma na kusukuma vipete vya ngozi, ambavyo vinabaki pale vilipofikishwa. Bahari ikitulia, unaenda kusoma.

Machi 1845, kwenye mwamba wa Skerryvore, kifaa kilisoma karibu tani 30 kwa kila mita ya mraba. Yaani eneo dogo kuliko mlango wa chumba chako linasukumwa na tani 30!

Sasa njoo Wick, kaskazini mwa Scotland. Mwaka 1863 familia yake ilianza kujenga pale ukuta wa kuzuia mawimbi. Ncha yake ilifungwa kwa zege na vyuma vizito. Desemba 1872 dhoruba iliing'oa ikiwa kipande kimoja cha tani 1,350 na kukitupa upande wa bandarini. Wakaweka kingine cha tani 2,600. Mwaka 1877 nacho kikaenda.

Hakuwa mzembe. Alijenga kwa kutegemea bahari aliyokuwa ameiona, na bahari ikaja na nyingine.

Wahandisi wa leo bado wana mtego huo huo. Majukwaa ya mafuta baharini husanifiwa kwa kutumia kinachoitwa wimbi la miaka 100, yaani wimbi lenye nafasi ya asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote. Hesabu hiyo inatoka kwenye rekodi za nyuma. Ishu ni kwamba bahari inabadilika. Kati ya mwaka 1901 na 2018 kina chake kilipanda kwa takriban sentimita 20, na maji yakiwa marefu mbele ya ukuta, wimbi kubwa zaidi linaufikia kabla ya kuvunjika. Katika Bahari ya Kusini, satelaiti zinaonyesha mawimbi yameongezeka urefu.

Na tunajuaje kama dunia imepata joto? Hapo anarudi tena Mzee Thomas. Miaka ya 1860 alibuni kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za vibao vya mlazo, kinachokinga kipimajoto na jua huku kikipitisha hewa. Kile unachokiona kwenye vituo vya hali ya hewa, kimesimama kwa miguu minne, ndicho hicho. Rekodi nyingi za joto la nchi kavu zimetoka humo.

Alifariki Mei 1887. Ukuta wa Wick ulishaachwa, na mabaki yake bado yanaonekana maji yanapokupwa.